Chumba cha Ruwa

Aristides alinipa kazi ya nyumba ya mama yake tukiwa kwenye mgahawa unaotazamana na stendi ya magari ya Kibosho. Tulipokuwa tukiongea, magari matatu yalijaa abiria na kupanda mlima. Kutoka pale hadi kwa mama yake si mwendo wa saa nzima, na mtu huyu alikuwa ametoka Dar es Salaam, safari ya kutwa. Hakupanda. Alimaliza chai yake, akanikabidhi picha iliyokatwa kwenye gazeti la Kijerumani, akasema anarudi na basi la kesho alfajiri.

Ilikuwa Juni ya mwaka 1996. Nilikuwa nimetimiza miaka mitatu tangu Serikali initambue kuwa mtu wa ziada. Ilitupunguza wachora ramani kumi na wawili kwa barua moja. Majina yetu yalipangwa kwa alfabeti, kazi nadhifu, nakiri. Nikakodi chumba juu ya duka la vipuri, nikapandisha meza yangu ya kuchorea kwa kamba kupitia dirishani, nikatundika kibao: NDELILIO, RAMANI ZA NYUMBA. Kazi hazikukosekana. Nchi ilikuwa imefunguliwa milango, kila kitu kinaagizwa kutoka nje, isipokuwa akili ya kukipachika mahali pake. Nilimchorea muuza nyanya wa Kwa Sadala nguzo nne nene za kuzuia kibaraza ambacho mtoto angeweza kukizuia kwa mikono. Nilichora roshani kwenye nyumba isiyo na ghorofa. Mwenye nyumba ndiye mwenye kauli, ila hakuna sheria inayomkataza mchora ramani kununa.

Picha ya Aristides ilionyesha chumba cha vioo kilichobandikwa ubavuni mwa nyumba, ndani yake bibi wa Kizungu amekaa na paka.

"Wenyewe wanakiita *sunroom*," alisema. "Chumba cha jua. Mama ana baridi yabisi, Mzee Ndelilio. Miezi hii ya ukungu hata kitenge hawezi kufunga bila kusaidiwa. Nataka akae ndani na jua limpate humo humo."

"Vioo vya aina gani?"

Alinitazama kama niliyemuuliza jina la mama yake. Aristides alikuwa muuza vioo. Vioo vya rangi ya moshi na fremu za alumini. Nusu ya maghorofa mapya ya Dar yalikuwa yanametameta kwa mali yake. "Vyangu," alisema. "Nitaleta lori."

"Mara ya mwisho umeiona nyumba lini?"

"Nimezaliwa ndani yake."

"Nimeuliza mara ya mwisho."

Alichovya mkate kwenye chai mpaka ukalainika ukakatika. "Themanini na saba," alisema. "Tulipomzika baba."

Sikuuliza zaidi. Mimi huuliza habari za kuta. Lakini nililiona hilo kuwa jambo la ajabu, kwa sababu Aristides alikuwa mtoto wa mwisho, na kwetu huku mlimani nyumba ya wazazi ni ya mtoto wa mwisho. Alikuwa ananituma nikaongeze chumba kwenye nyumba yake mwenyewe, ambayo hataki kuikanyaga.

Nilipanda kesho yake. Niliposhuka garini na kupita katikati ya migomba nikaiona ile nyumba, nilisimama, na sisimami hovyo. Marehemu Melkior, baba yake Aristides, aliijenga mwaka 1957, kahawa ilipokuwa kahawa. Ilikuwa ya mawe ya mtoni yaliyochongwa pande nne, kila jiwe limekaa juu ya mwenzake bila kugombana. Paa la bati lilikuwa na mteremko mkali, maana mvua ya kule haina subira. Madirisha yalikuwa madogo, yamesimama wima. Niliyapima yote tisa: upana mmoja, urefu mmoja na nusu, bila kukosea hata moja. Aliyeijenga alijua anachofanya na hakutaka kukutangazia. Nikaitazama tena picha ya Mjerumani na paka wake, nikaikunja nikaitia mfukoni.

Mwenyewe, Mama Theopista, alikuwa nje, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko, miguu ameinyoosha, anasubiri ukungu upasuke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umetoka wapi?"

"Mjini. Ila mimi ni wa Machame."

"Mmachame," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kuna mchwa. Babu zao na babu zetu walichomeana nyumba miaka mingi, na pande zote mbili bado tunakumbuka nani alianza, ila hatukubaliani. Halafu akacheka akanipa bakuli la mtori.

Kiswahili cha Mama Theopista kilikuwa cha kununulia chumvi. Baada ya salamu kiliisha. Ikabidi nihamie Kichagga cha Kibosho, nilichokipata kwa marehemu mke wangu, mzaliwa wa Umbwe. Ni lugha niliyojifunza kwa kugombezwa, kwa hiyo naweza kusema vizuri sana habari za viatu vichafu na kuchelewa kurudi nyumbani. Mambo mengine napapasa. Nilitaka kumwambia kwamba mwanawe anataka kumjengea chumba cha kuota jua. Neno la kuota jua sikulijua. Nikasema mwanawe anataka kumjengea chumba cha Ruwa.

Hapo ndipo nilipokosea, na sikujua kwa wiki tatu. Jua, kwa Kichagga, ni Ruwa. Na Mungu ni Ruwa. Jina ni moja tangu zamani, kabla ya padri na kabla ya mchungaji wetu sisi Walutheri, na wenyewe hawachanganyikiwi, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema chumba cha jua. Jua liko nje. Chumba hujengwa ili ulikimbie, au uikimbie mvua. Chumba cha Ruwa kinaweza kuwa kitu kimoja tu.

Mama Theopista aliweka bakuli chini. "Aristides amesema hivyo?"

"Amesema."

"Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake, jana, mjini."

Akajifunika uso kwa kanga. Mabega yakawa yanatikisika. Nimeona watu wengi wakilia wanapojengewa, na wengine wengi zaidi wanapojenga, kwa hiyo nilifungua daftari langu nikaandika urefu wa ukuta wa mashariki.

Nina namna yangu ya kufanya kazi. Siku hiyo sikupima kitu kingine. Nilikaa nikamtazama yule mama na kigoda chake. Saa tatu asubuhi alikuwa mlango wa jiko. Saa nne akahamia pembe ya nyumba. Saa sita alikuwa nyuma, upande unaotazama mlima, kwenye ukuta wenyewe, mgongo ameuegemeza kwenye mawe. Kila alipohama nilichora alama ya chaki alipokuwa. Watu wengi hawajui kwamba miezi ya baridi jua hupita upande wa mlimani. Yeye alijua, kwa mifupa. Alama zangu tatu zilikutana kwenye pembe ya kaskazini mashariki, na hapo ndipo chumba kilipotaka kuwa. Bahati mbaya hapo lilisimama banda la ng'ombe.

Nilijiandaa kwa vita. Mwambie mwanamke wa Kichagga ahamishe mume, mtajadiliana. Ng'ombe ni habari nyingine. Nilianza mbali, nikasifia maziwa, nikazungumzia upepo, nikazungumzia harufu.

"Ng'ombe atahama leo," alisema Mama Theopista. "Yeye ni nani mpaka akae hapo?"

Nilishuka mlima nikijipongeza kwa ufundi wangu wa kushawishi watu.

Nilichora siku kumi na nne. Kuongeza chumba kwenye nyumba nzuri ni kazi ya adabu. Unaingia kwenye mazungumzo ya watu walioanza bila wewe, na usipoangalia unapiga kelele. Paa nililishusha kutoka kwenye paa lile lile, kwa mteremko ule ule, kama kwamba Melkior alisahau kipande akarudi kukimalizia. Ukuta wa mawe niliupandisha mpaka magotini tu, na kwa ndani nikaugeuza kuwa benchi la kuzunguka, ili mawe yashike joto la mchana na kumrudishia mama jioni. Juu ya hapo ndipo vioo. Lakini si kioo kimoja kipana kama cha duka. Nilichukua dirisha la Melkior, upana mmoja na urefu mmoja na nusu, nikalipanga mara saba upande wa mashariki na mara tano upande wa mlima, bega kwa bega, kwa fremu za mvule. Ukuta mzima ukawa madirisha, na kila dirisha ni ndugu wa yale ya zamani. Nilipomaliza nilikaa nikaitazama ramani mpaka duka la chini likafungwa. Sina watoto. Najua ninachosema nikisema nilifurahi.

Kisha nikampigia simu Aristides.

"Mbao?" alisema. "Mzee, mimi nauza alumini. Nitamjengea mama yangu kwa mbao?"

"Nyumba ya baba yako haiwezi kuvaa alumini. Itaonekana imeazima."

"Na vioo vyangu?"

"Vya moshi vinakula nusu ya jua. Unamtafutia mama yako jua halafu unalivalisha jua miwani?"

Nilisikia karakana yake, msumeno unakata chuma. Kisha akacheka, kicheko kifupi. "Sawa," alisema. "Nitaleta vyeupe. Na baba alikuwa hivyo hivyo, hashindwi." Baada ya hapo akauliza, kwa sauti nyingine, "Mama amesemaje?"

"Amelia. Amehamisha ng'ombe."

"Amehamisha ng'ombe?" alisema Aristides, na nikasikia kwamba amefurahi, na kwamba kilikuwa kitu cha kwanza kutoka kwa mama yake kumfurahisha kwa miaka mingi.

Wiki ya tatu nilipanda na ramani. Mama Theopista hakuwa peke yake. Alikuwepo jirani, Theodora, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa jumuiya yao ya Kikatoliki, wale wanaosali nyumba kwa nyumba. Nilitandaza karatasi juu ya meza, nikaweka jiwe kila pembe. Mama aliinama akaitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya yale madirisha saba.

"Padri atasimama wapi?" aliuliza.

"Padri gani?"

"Akija kusoma Misa."

Nilimtazama Theodora. Theodora naye alinitazama, uso wake unang'aa. "Amenisimulia," alisema kwa Kiswahili. "Mzee, hujui umeleta nini katika nyumba hii. Miaka ishirini na miwili huyu mama anasali rozari kwa nia moja."

Akanieleza, bila kuulizwa. Aristides alikuwa seminari. Alibakiza mwaka mmoja awe shemasi, kijiji kizima kimeshaanza kuhesabu mbuzi wa sherehe, akarudi nyumbani na sanduku lake akasema hawezi kusimama mbele ya watu kusema maneno asiyoyaamini. Melkior alimwambia atakaporudi kwa Mungu ndipo arudi katika nyumba ile. Walikuwa vichwa vya mawe wote wawili. Baba alikufa hajabadilika, na siku ya maziko mwana alisimama nje ya kanisa mpaka Misa ikaisha, akaja kaburini hapa nyumbani, kisha akaingia kwenye gari akaenda. "Na sasa," alisema Theodora, "mwenyewe, kwa kinywa chake, anamjengea mama yake chumba cha Mungu."

Kwa Kiswahili alisema chumba cha Mungu. Hapo nikasikia lile neno langu likianguka sakafuni.

Naomba nieleweke. Muda wa kusahihisha ulikuwepo. Mwenye kalamu akikosea mstari anaukwangua kwa wembe, anaendelea. Nimefanya hivyo maisha yangu yote na sioni haya. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka. Lakini yule mama alikuwa ameweka kidole kwenye ramani, anasubiri nimwonyeshe, na kidole kilikuwa kimepinda kwa baridi yabisi kama tangawizi.

"Hapa," nilisema. Nikamwonyesha dirisha la katikati.

Ni uoga, sina jina jingine la kuuita. Nikajiambia kwamba hata hivyo ramani haihitaji kubadilishwa, na ilikuwa kweli, jambo lililoniudhi zaidi: upande wa mashariki, madirisha marefu, benchi la kuzunguka kuta. Nilitafuta kitu kimoja ambacho kingekuwa tofauti nikakikosa. Kumwambia Aristides nako nikaahirisha. Mtu aliyeacha upadri ili asiseme uongo angesimamisha kazi siku hiyo hiyo, au angepanda kumwambia mama yake ukweli mlangoni. Kila jioni niliitazama simu, nayo ikanitazama.

Fundi mwashi alikuwa Wenseslaus, mtu wa hapo hapo Kibosho, mikono mizuri na mdomo usiopumzika. Wiki ya kwanza alinirudishia ramani. "Mzee, vyumba vyote umeviandika majina," alisema. "Sebule, jiko, chumba cha kulala. Hiki umekisahau."

Sikuwa nimekisahau. Niliogopa kukiandika. Nikashika kalamu nikaandika RUWA, nikaona nimetoroka kwa ujanja: neno ni moja, kila mtu asome lake.

Wenseslaus alisoma lake. Niliporudi mwezi wa Oktoba paa limeshapigwa bati, nikakuta kwenye pembetatu ya ukuta wa mashariki, pale juu nilipochora tundu la hewa la mraba, amejenga tundu la umbo la msalaba. Amelichonga vizuri, sikatai. Lakini lilikuwa juu ya madirisha yangu saba, limetoa macho kama mgeni asiyealikwa.

"Nani amekuambia uweke hiki?"

"Wewe, Mzee. Umeandika."

"Ziba."

"Sizibi," alisema Wenseslaus, akishuka ngazi. "Mama amekiona. Aliletwa hapa asubuhi, jua likapita pale, msalaba ukalala sakafuni. Amekaa nao mpaka ukahama. Wewe kama unataka kuziba, panda mwenyewe ukamwambie unaziba nini."

Sikupanda. Nilirudi mjini na hasira, na kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyeisababisha, sikuwa na pa kuipeleka.

Vioo vyeupe vilifika Novemba, vimefungwa kwenye nyasi kavu kwa uangalifu kuliko mayai. Dereva alisema mwenye mali amevifunga kwa mikono yake. Vikapachikwa. Chumba kikaisha. Nawaambia kilikuwa chumba kizuri, na ni haki yangu kusema: ukisimama njiani huwezi kujua nyumba ya mwaka 1957 inaishia wapi.

Na Mama Theopista hakuingia. Mvua za vuli zilikuwa zimeleta baridi, ukungu unashuka mpaka kwenye kahawa, naye aliweka kigoda chake nje, ubavuni mwa kioo, akajifunika mablanketi mawili. Theodora alimwandikia Aristides barua, kwa Kichagga, kama mama alivyosema, sentensi mbili: *Chumba cha Ruwa kimekwisha. Siingii mpaka uje ukifungue.*

Aristides alinipigia simu. "Mzee, mama anakaa nje?"

"Anakungoja."

"Kwenye baridi hii?"

"Ndiyo."

Barua aliisoma. Kichagga ni lugha yake. Alisoma chumba cha jua, kama alivyosema mwenyewe, na hakuona kitu. "Nakuja Krismasi," alisema. "Mwambie nakuja."

Mchagga asipopanda mlima Krismasi huwa mgonjwa au yuko jela; Aristides alikuwa amekaa mjini Krismasi ishirini na mbili. Tarehe ishirini na tatu Desemba, saa mbili asubuhi, nilimsubiri barabarani, pale njia ya migombani inapoanzia. Nilikuwa sijalala vizuri. Alishuka kwenye gari na koti la Dar lisilofaa kitu kule juu, mkononi ana mkate na sukari kama mtoto aliyetumwa dukani.

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Nilianza na mke wangu na Kichagga chake, nikaishia na msalaba. Nilimwambia jumuiya nzima iko ndani inamsubiri afungue kwa sala. Nilimwambia kosa ni langu, yeye wala mama yake hawana lolote.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Tangu Juni," alisema.

"Tangu Juni."

"Na anaamini nimerudi."

"Anaamini."

Alitazama migomba. "Baba yangu alikufa akitaka nimwambie neno hilo moja," alisema. "Nikaona ni uongo, sikusema. Leo niseme kwa sababu ya vioo?" Akaanza kutembea. "Nitamwambia mwenyewe. Hukumwambia wewe, nitamwambia mimi."

Nilimfuata. Nilitamani kubaki barabarani, lakini nilihisi ninapaswa kuona.

Mama Theopista alikuwa kwenye kigoda, nje ya mlango wa chumba kipya. Ndani, kupitia vioo, watu kama kumi na watano walikuwa wameketi kwenye benchi la mawe na vitabu vyao vya nyimbo, na Wenseslaus kati yao amevaa shati jeupe. Ukungu ulikuwa unaanza kupasuka.

"Shikamoo, mama," alisema Aristides. Akapiga magoti kwenye majani yenye umande. Mama alimshika uso kwa mikono yote miwili, akaugeuza huku na huku akiukagua, kisha akasema amekonda.

Yaliyofuata waliyasema kwa Kichagga. Ninayaandika kwa Kiswahili, na neno moja naliacha lilivyo, maana ndilo lililotufikisha pale.

"Mama, nisikilize. Huyu mzee alikosea. Mimi sikujenga nyumba ya kusalia. Nimejenga chumba cha Ruwa." Akakomea hapo. Alikuwa amesikia alichokisema.

"Ndiyo, mwanangu," alisema mama.

"Hapana. Namaanisha Ruwa huyu." Akaonyesha kidole juu.

Mama alitazama juu, akaitika kwa kichwa.

"Si wa padri, mama. Si wa kitabuni. Huyu anayetoka kule kila asubuhi." Akaonyesha mashariki. "Ambaye kwa ajili yake mihogo na migomba inaota. Anayekupasha moto mifupa yako. Nilitaka akufikie ukiwa umekaa. Ni huyo tu, mama. Ni huyo tu."

Theodora alikuwa amekuja mlangoni. Kwa Kiswahili angemaliza kazi kwa sentensi moja, *jua lile, si Mungu yule*, na kila mtu angerudi nyumbani kwake na huzuni yake. Kile Kichagga hakikumpa hata hiyo. Lakini neno la kuota jua, lile nililolikosa mimi, yeye alikuwa nalo, alizaliwa nalo. Nililingoja litoke.

Mama Theopista alimtazama kwa mshangao. Hakuwa anamtega wala hakuwa anatoa hekima. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeulizwa kama ng'ombe wa leo ndiye wa jana.

"Kwani yupo mwingine?" aliuliza.

Aristides alifungua kinywa. Nilikiona kinafunguka. Kilikaa wazi muda, na pumzi yake inaonekana kwenye baridi, kisha akakifunga, akalaza paji la uso wake juu ya magoti ya mama yake.

"Hapana, mama," alisema. "Hayupo."

Sijui kama alisema uongo. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko linavyonihusu. Ninachojua ni kwamba nililia, mzee wa miaka hamsini na nane, Mlutheri, katika uwanja wa Wakatoliki, na Wenseslaus aliniona.

Alimwinua mama yake wakaingia. Watu walisogea. Mama hakwenda kwenye dirisha la katikati nililomwonyesha kwenye ramani. Alikwenda pembeni, ile pembe ya alama zangu za chaki, na alipoketi tu jua likatoka. Lilipita kwenye madirisha yote saba kwa pamoja. Theodora akaanzisha wimbo. Aristides hakuimba. Alisimama katikati ya chumba, mikono inaning'inia, hajui pa kuiweka.

Mama alimwona. Akapigapiga benchi la mawe kando yake, akamwambia neno moja, fupi, ambalo sikuwahi kulisikia kwa mke wangu. Aristides akaenda akaketi, akanyoosha miguu juani sambamba na ya mama yake.

Wimbo ulipoisha nilimsogelea Theodora nikamwuliza, kwa sauti ya chini, mama amemwambia nini.

"Ah, hilo," alisema Theodora. "Amemwambia aote jua."

Nikatoa daftari langu nikaliandika.